Nzururu na Theluji: Historia ya Safari za Kiangazi katika Milima ya Rwenzori

Katika lugha yetu ya Kiswahili tuna maneno mawili ya kutajia maji yaliyoganda kwa baridi: theluji na barafu. La kwanza tulilipata kwa Waarabu. La pili asili yake ni Uajemi, nalo lilivuka bahari pamoja na bidhaa nyingine. Yote mawili yalishuka majahazini, hayakushuka mlimani. Jambo hili halina aibu yoyote. Lugha hukopa jina la kitu ambacho wenyewe hawanacho, na watu wa Lamu, Mvita na Unguja hawakuwa na haja ya kuitaja theluji ila katika masimulizi ya nchi za mbali.

Lakini magharibi ya Uganda, mpakani na Kongo, wapo watu ambao hawakuliazima neno hilo kwa yeyote. Hao ni Wakonzo, na ndugu zao wa upande wa Kongo ni Wanande. Theluji wao huiita nzururu, na mlima wenye theluji huuita Rwenzururu. Kwa imani ya wazee wao, kule juu kwenye weupe ndiko makao ya Kithasamba, naye si wa kuendewa ovyo. Wazungu waliandika jina la mlima kila mmoja kwa namna alivyolisikia, wengine Runsoro, wengine Ruwenzori, mpaka leo sisi sote twasema Rwenzori.

Makala haya yahusu safari za watu walioupanda mlima huo kwa miguu wakipita kando ya maziwa yake, tangu wageni wa kwanza hadi vilabu vya matembezi, pamoja na safari yetu wenyewe. Tumeona vema kuifuata historia hiyo kwa njia ya majina, maana sisi ni walimu wa lugha, na hatuna mizani nyingine tunayoiamini zaidi.

Klabu yetu ni ya walimu na haina fahari. Tulikuwa kumi na wawili, wanawake watano na wanaume saba, mkubwa wetu akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Tulifunga safari mwishoni mwa Agosti, katika likizo ya muhula wa pili, kiangazi kikielekea ukingoni. Neno kiangazi lisimdanganye msomaji. Juu ya Rwenzori kiangazi maana yake ni kwamba mvua hunyesha mchana tu, badala ya kunyesha mchana na usiku. Tulipofika Nyakalengija, karibu na Ibanda, mahali ambapo njia ya mlima huanzia, tuliwakuta wapagazi kumi na wanane na viongozi watatu wakitungoja, kila mmoja amevaa gambuti. Sisi tulikuwa tumevaa viatu vya ngozi vya fahari. Mzee aliyekuwa mkuu wa viongozi aliviangalia viatu vyetu kwa heshima kubwa, kisha akatushauri tuviache pale chini. Wawili wetu walikataa. Siku ya tatu walimwomba radhi.

Yafaa kusema kwamba Rwenzori si volkano, tofauti na Kilimanjaro, Kenya na Elgoni. Ni bonge la miamba ya kale sana lililoinuliwa ndani ya Bonde la Ufa, urefu wake wapata kilomita 120 toka kaskazini hadi kusini, na mpaka wa Uganda na Kongo wapita juu yake. Kwa hiyo hauna kilele kimoja kinachoonekana toka mbali kama kichwa cha mzee mwenye mvi. Una milima sita iliyosongamana, na kati ya milima hiyo kuna mabonde yenye mito, vinamasi na maziwa. Kilele kirefu kupita vyote kina mita 5,109, cha tatu katika Afrika nzima. Mawingu huuficha siku nyingi za mwaka, na hiyo ndiyo sababu ya wageni kuchelewa kuamini kwamba upo.

Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Ptolemy wa Aleksandria aliandika kwamba mto Nile hupata maji yake katika maziwa yanayolishwa na theluji ya milima aliyoiita Milima ya Mwezi. Habari za maziwa hayo zilitoka kwa baharia aitwaye Diogenes, aliyefika karibu na Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wataalamu wamebishana sana kama milima hiyo ni Rwenzori, au Kilimanjaro, au ni mchanganyiko wa yote iliyosikika. Sisi hatuingii katika ubishi huo. Lakini twaona jambo moja dogo: ikiwa habari zile zilipitia pwani, basi zamani zile alikuwapo mtu sokoni aliyesimulia habari za weupe wa mlimani, na neno alilolitumia limepotea.

Kwa maana tazama yaliyotokea baadaye. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake kile ni nini, yule mtu hakuwa na jina la kukitaja. Alisema tu: baridi. Kwa mwalimu wa lugha jibu hilo ni la thamani kubwa. Asiyelijua jina la kitu alitaja kinachofanywa na kitu hicho mwilini mwake, wala hakusema uongo. Wataalamu wa Ulaya ndio waliomfanyia Rebmann kejeli kwa muda wa miaka mingi, wakidai kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Miaka arobaini ikapita. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliajiri Unguja watu zaidi ya 600, wale waliojulikana kama Wangwana, akaenda nao kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, na toka huko wakapenya msitu kumtafuta Emin Pasha. Wengi wao walikufa njiani kwa njaa, maradhi na vita. Mwezi wa Aprili 1888 maofisa wake wawili, Jephson na Parke, walisema wameuona mlima wenye theluji, naye akatia shaka. Mwezi uliofuata alikuwa akitazama upande wa kusini-mashariki, mvulana mmoja akamwonyesha mlima, na kumwambia kwamba umefunikwa na chumvi.

Chumvi! Stanley aliandika habari hiyo katika kitabu chake, lakini jina la mvulana hakuliandika. Wasomaji wengi wa Ulaya bila shaka waliona kosa la kitoto. Sisi hatulioni hivyo. Kusini mwa mlima huo, si mbali, liko ziwa la Katwe, ambalo watu wa nchi zote za jirani walichota chumvi yake tangu jadi, na chumvi hiyo ilisafirishwa mbali sana kwa biashara. Mvulana yule, kama alikuwa mwenyeji wa huko au alikuwa amesikia habari za biashara hiyo, alikuwa na sababu njema ya kudhani alivyodhani. Kiongozi wa Rebmann alitumia ngozi yake, mvulana wa Stanley alitumia soko lake. Na wakati huohuo, chini ya mlima, Wakonzo walikuwa na neno kamili, ila hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1889, msafara uliporudi kwa kupita ubavuni mwa Rwenzori, Luteni Stairs alitumwa aupande pamoja na baadhi ya Wangwana. Walifika zaidi ya mita 3,200, wakazuiwa na makorongo, wakashuka na mimea ya huko juu. Yamkini hiyo ndiyo mara ya kwanza Kiswahili kusikika kati ya miti mirefu ya jamii ya erika, yenye ndevu za kuvu zinazoning'inia. Twajaribu kuwafikiria watu wale wa Unguja, waliozoea minazi na joto la Bahari ya Hindi, wakiota moto mahali pale. Sisi tuliokwenda na makoti na mablanketi mazito tulitetemeka.

Tulilala usiku wa kwanza Nyabitaba, mita 2,650 hivi. Siku ya pili tulivuka daraja mahali mto Mubuku na mto Bujuku inapokutana, tukapanda katika mianzi, kisha tukaingia katika nchi ambayo hatujui tuieleze vipi. Kila jiwe limevikwa ukoga mnene kama godoro, la kijani, la manjano, hata la rangi ya damu ya mzee. Lobelia, ambayo tuliijua kama ua dogo la bustani, imesimama kama mnara kupita kimo cha mtu. Hakuna sauti ila ya maji. Usiku pimbi hulia kwa mlio wa kukwaruza unaoanza polepole na kupanda hadi kuwa ukelele, na mwalimu mmoja kijana aliamka akidhani mtu anauawa.

Mkuu wa viongozi alituambia kwamba ni pimbi hao waliowaleta babu zake huku juu. Wawindaji wa Kikonzo walipanda na mbwa na mitego, wakalala chini ya miamba yenye mapango. Kwa hiyo miamba hiyo ina majina: Bujongolo, Kabamba. Mito ina majina. Maziwa yana majina: Mahoma, Bujuku, Kitandara. Msomaji akiitazama ramani ya Rwenzori ataona ajabu hii, kwamba toka chini hadi mita 4,000 majina ni ya Kikonzo, na kuanzia hapo kwenda juu ghafula twaingia katika majumba ya wafalme wa Ulaya.

Sababu yake ni mtu mmoja na majuma machache ya mwaka 1906. Luigi Amedeo wa Savoia, Mtawala wa Abruzzi, alishuka meli Mombasa mwezi wa Mei, akapanda treni hadi Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1901, akavuka ziwa hadi Entebbe, kisha akaenda kwa miguu hadi Fort Portal na mlimani. Alikuja na mpiga picha mashuhuri Vittorio Sella, pamoja na viongozi wa milima ya Alpi: Joseph Petigax, César Ollier, Joseph Brocherel na wenzao. Ollier na Brocherel walikuwa wamekwisha kupanda Mlima Kenya pamoja na Mackinder mwaka 1899. Chini ya mwamba wa Bujongolo ndipo walipoweka kambi yao kuu, na Wakonzo ndio waliowabebea mizigo kule juu, kwa kuwa wapagazi waliotoka nao bondeni hawakuiweza baridi ile. Tarehe 18 Juni 1906 Mtawala na viongozi hao watatu walisimama juu ya kilele kirefu kupita vyote. Akakiita Margherita, jina la malkia wa Italia, na jirani yake akakiita Alexandra, jina la malkia wa Uingereza.

Kazi yake ilikuwa kubwa, wala hatumpunguzii. Kabla yake wageni kadha walikuwa wamejaribu, lakini yeye alipanda vilele vikuu vyote, akavipima, akatoa ramani ambayo waliokuja nyuma yake waliitegemea. Hata hivyo milima sita ikaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, na kati ya watu hao Speke na Baker hawakuukanyaga Rwenzori hata siku moja. Majina ya wenyeji yaliyokuwa yameandikwa na wageni waliotangulia, kama Kiyanja na Duwoni, yaliwekwa kando. Hoja iliyotolewa mara nyingi ni kwamba wenyeji hawakupatana juu ya kilele kipi ni kipi. Yawezekana. Mtu anayeheshimu makao ya Kithasamba hana haja ya kutofautisha kila jino la mwamba, kama vile mwenye kuingia msikitini au kanisani hahesabu matofali. Ila bonde, mto, ziwa na pango, mahali pa kupata nyama na pa kukimbilia mvua, hayo aliyapa majina, na hayo majina yameshinda ramani zote.

Upande wa Kongo mambo yalikwenda vingine kidogo. Mwaka 1932 msafara wa Wabelgiji ukiongozwa na Xavier de Grunne uliuchunguza ubavu wa magharibi, na Wabelgiji wakajenga vibanda vya wapandaji, Kalonge, Mahangu na Kiondo, vyenye majina ya huko. Lakini maziwa matatu yaliyo karibu na Kiondo yamo katika ramani kwa Kifaransa kama Ziwa Jeusi, Ziwa la Kijani na Ziwa la Kijivu. Tulipolitafsiri jambo hilo kwa wapagazi wetu walicheka sana. Mmoja wao, ambaye mama yake ni Mnande wa Beni, alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba mayi yote ni nyeusi kama mvua inanyesha.

Tufike basi kwenye vilabu. Katika miaka ya 1940 ilianzishwa Klabu ya Milima ya Uganda, ambayo wanachama wake wa kwanza walikuwa hasa Wazungu wa Kampala na kwingineko, maofisa wa serikali, walimu, waganga. Kiangazi kikifika walikwenda Ibanda, wakaajiri wapagazi, wakazunguka mabonde na maziwa kwa siku saba au nane. Klabu hiyo ndiyo iliyoshughulikia ujenzi wa vibanda vya kulala, na mzunguko tulioufuata sisi ni ule ule walioupita wao. Mwaka 1972 Henry Osmaston, aliyekuwa ofisa wa misitu, na David Pasteur walitoa kitabu cha kuwaongoza wapandaji, kitabu chenye manufaa makubwa hata leo, ingawa barafu iliyoelezwa humo sehemu kubwa imekwisha.

Katika taarifa nyingi za wapandaji wa enzi hizo wapagazi huhesabiwa, hawatajwi. Walikuwa kumi, au ishirini, walilipwa kadha, walipewa blanketi moja moja. Lakini lipo jina moja ambalo halikuweza kufichika. Siku ya pili tulilala katika kibanda kiitwacho John Matte, mita 3,400 hivi. John Matte alikuwa Mkonzo wa Ibanda, naye kwa miaka mingi ndiye aliyewashughulikia wapandaji, akawapatia wapagazi na viongozi. Bila yeye safari nyingi za klabu zisingaliondoka uwanjani. Tuliona faraja kwamba mahali fulani kati ya Fort Portal na barafu limesimama jina la mtu aliyebeba, si la aliyebebewa.

Siku ya tatu ni ya kinamasi cha Bigo, halafu ziwa Bujuku. Siku hizi pamewekwa ngazi na njia za mbao sehemu nyingine, lakini pale zilipokosekana tuliruka toka shina la majani hadi shina jingine, na aliyekosea alizama hadi mapajani. Bujuku ni ziwa lenye huzuni. Limezungukwa na Stanley, Speke na Baker, kando yake matope meusi, na senesio zenye vichwa vya majani makubwa zimesimama ukungu ukipita kati yake, kama watu wanaongoja jambo. Hapo mwalimu mwenzetu mmoja alishikwa na ugonjwa wa mwinuko: kichwa kikamwuma, akatapika, akaanza kusema maneno yasiyofuatana. Baadhi yetu tulitaka apumzike usiku ule ili asubuhi tuendelee pamoja. Twakiri kwamba tulikuwa tukifikiri juu ya kilele. Mzee hakujadiliana nasi. Aliwaita vijana wawili, wakamshika huku na huku, wakateremka naye gizani kwa taa hadi John Matte. Kulipokucha alikuwa anakunywa chai na kuuliza kumetokea nini.

Waliobaki tulipanda hadi Elena, mita 4,541, ukingoni mwa barafu, na hapo pakawa mwisho wetu. Hatukuwa na vifaa vya kutosha wala vifua vya kutosha. Mzee alituonyesha kwa fimbo mahali ambapo, alipokuwa kijana akibeba mzigo wake wa kwanza, nzururu ilifika. Sasa ni mwamba mtupu, laini, uliokwanguliwa. Alilitamka neno lile mara mbili, kwanza akionyesha ilipokuwa, kisha akionyesha ilipo.

Wapimaji wamekadiria kwamba mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea kilomita za mraba 6.5. Mwaka 1987 zilibaki 2 hivi, na mwaka 2003 haikufika 1. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilipoteza barafu yake yote kabla karne ya 20 haijaisha, na kilichobaki kiko hasa juu ya Stanley. Wataalamu wamejadiliana ni kiasi gani kimetokana na kuongezeka kwa joto la hewa na kiasi gani na upungufu wa mawingu na unyevu. Kwamba inakwisha hawabishani. Mito haitakauka kwa ajili hiyo, kwa kuwa maji yake mengi ni ya mvua na vinamasi. Kinachokwisha ni kile ambacho mlima uliitwa kwa jina lake.

Toka huko tulishuka kwa njia ya kipito cha Scott Elliot, mita 4,372, hadi maziwa mawili ya Kitandara. Lau tungeambiwa tuchague mahali pamoja pa kurudi, tungechagua hapa. Maji ni safi, kimya, na asubuhi moja tulipata saa nzima ya jua. Tuliuanika mkate wetu ulioloa. Na ni hapa, tukiwa tumeketi juu ya mawe, mzee alipotuuliza kama sisi sote kweli ni walimu. Tulipoitikia, akatusimulia habari za mwalimu aliyewahi kutembea milima hii.

Habari hizo twazijua pia katika vitabu. Mwaka 1954 mwandishi Mwingereza Tom Stacey alizunguka vijiji vya Rwenzori pamoja na Isaya Mukirane, Mkonzo aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Walitafuta mila na historia za Wakonzo toka kwa wazee. Wakati huo Wakonzo walitawaliwa chini ya ufalme wa Toro, na malalamiko yao yalikuwa ya zamani: mwaka 1921 viongozi wao, akiwamo Nyamutswa, walinyongwa kwa uasi, na mlimani hawakusahauliwa. Katika miaka hiyo ya 1950 Mukirane aliongoza chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Wakonzo. Chama cha historia, msomaji mpenzi, si cha siasa. Lakini watu waliokaa wakakusanya habari za asili yao, wakaona kwamba lugha yao haifundishwi na majina yao hayamo katika maandishi ya serikali, hawakuishia katika daftari. Mwaka 1962 wakajitenga na Toro, wakatangaza ufalme wao wa Rwenzururu, Mukirane akiwa mfalme. Stacey mwenyewe aliitwa arudi kujaribu kusuluhisha, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Mukirane alifariki mwaka 1966 huko huko milimani. Vita viliendelea hadi mapatano ya mwaka 1982, na mwaka 2009 serikali ya Uganda ilimtambua mwanawe, Charles Wesley Mumbere, kuwa mfalme.

Mzee hakutusimulia kama tulivyoandika hapa. Hakutaja miaka. Alitaja nani alichomewa nyumba na ni pango lipi ambalo mama yake alijificha naye akiwa mgongoni. Mapango yale yale ya pimbi na ya Mtawala wa Abruzzi. Tulipopita Bujongolo siku iliyofuata, baada ya kipito cha Freshfield, hatukupiga picha.

Mwaka 1991 milima ikafanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 ikaingizwa katika urithi wa dunia. Kisha waasi wengine walijificha humo, hifadhi ikafungwa toka mwaka 1997 hadi 2001, na vijana wa Ibanda wakakosa kazi. Mmoja wa viongozi wetu alisema kwamba miaka hiyo alisahau Kiingereza chote alichojifunza kwa wapandaji, ila Kiswahili hakikumtoka, kwa sababu askari walikisema kila siku. Walimu wenzetu wa Uganda watalielewa jambo hilo na uchungu wake. Sisi tulimwuliza kama kwake lugha hiyo ni ya bunduki au ya mzigo. Alifikiri, akasema ya mzigo ilitangulia.

Tulimaliza mzunguko siku ya saba, tukashuka Nyakalengija matope yakiwa hadi shingoni. Kabla ya kulipana tulifanya jambo tulilokubaliana Kitandara: kila mpagazi na kila kiongozi aliandika jina lake kwa mkono wake katika daftari ya klabu, na pembeni akaandika jina la mahali pamoja mlimani ambapo hapamo katika ramani. Tulipata majina ya mahali kumi na saba, manne yaligongana. Mzee aliandika matatu. Aliomba jina lake mwenyewe lisichapwe katika jarida, kwa sababu alizotuambia, nasi tumemtii.

Ikiwa usalama utaruhusu, safari ijayo twakusudia kuifanya upande wa Kongo, kwa njia ya Mutwanga, tukaone yale maziwa matatu ya rangi na kuwauliza Wanande huyaitaje.